Kabla hujauza gasketi ya tapeti kava, muulize mteja kwanza

Posti ya leo ni ndefu kidogo. Kama upo dukani na kuna mteja amesimama mbele yako, mhudumie kwanza alafu urudi.

Mimi ni dada wa spea, nipo Morogoro. Nina fremu ndogo, ila mauzo yangu mengi yanatokea kwenye simu: status za WhatsApp, magrupu na Instagram. Mzigo naufunga mwenyewe, naupeleka Msamvu, unapanda basi. Ufundi sijasomea popote. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa kwenye duka la spea la mjomba, nikajifunza kwa kushika vitu na kuuliza mafundi mpaka wakanichoka, baadaye nikafungua la kwangu. Nayasema haya ili usidhani hapa anaongea injinia. Anaongea muuzaji aliyekosea, na kosa akalilipia.

Msimamo wangu ni huu. Sisi tunaouza mtandaoni tuache kuuza gasketi ya tapeti kava kama tunavyouza vocha. Mteja anasema "gari inavuja oili", sisi tunajibu bei. Hiyo tabia inaua jina la duka, na kuna siku inaua injini ya mtu. Tuulize kwanza, alafu ndo tuuze. Na ile ofa ya gasketi pamoja na silikoni, tuiache kabisa.

Kwa wenzangu mnaouza vitu vingine, tapeti kava ni ule mfuniko wa juu wa injini, pale kilipo kile kizibo unachofungua ukitaka kuongeza oili. Chini yake kuna shafti na valvu zinazocheza muda wote, na oili inarushwa humo ndani kila injini inapozunguka. Kati ya mfuniko na kichwa cha injini panakaa gasketi ya mpira inayozuia oili isitoke.

Sasa angalia magari tunayoyahudumia. Carina TI ya mwisho ilitengenezwa 2001. IST zile za kwanza ni za 2002 hadi 2007. Huo mpira umepikwa na joto la injini miaka mingi sana, unapata moto, unapoa, unapata moto tena. Mwisho unakuwa mgumu kama plastiki. Fundi akiutoa unakatika vipande mkononi. Kwa hiyo biashara ya hii gasketi ipo kila wiki, na ndo maana ni rahisi kuifanya bila kufikiri.

Hata mimi nilikuwa naifanya bila kufikiri.

Mwaka jana kuna baba mmoja wa Ifakara aliona status yangu. Ana Carina TI yenye injini ya 5A-FE, anafanyia teksi. Akanitumia picha, oili imetapakaa ubavuni mwa injini, na ikidondokea egzosti inatoa moshi. Akauliza bei ya gasketi ya tapeti kava.

Sikumuuliza kitu. Siku hiyo nilikuwa na ofa, gasketi na tyubu ya silikoni kwa elfu ishirini. Nikamwambia, "Baba, hii ndo tiba yake. Tuma hela, jioni mzigo unapanda gari." Akatuma.

Wiki mbili mbele akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Ile oili bado inatoka."

"Fundi alikaza vizuri?"

"Anasema alikaza."

"Mwambie akaze zaidi baba, alafu apake silikoni ya kutosha kuzunguka yote. Nikutumie tyubu nyingine?"

"Nitumie mwanangu."

Nikauza tyubu ya pili. Nakumbuka nilifurahi, nikaona mteja amerudi.

Kama mwezi na nusu hivi ukapita. Akapiga tena, safari hii sauti iko chini. Taa ya oili ilikuwa inawaka na kuzima, yeye akadhani ni waya, akaendelea kubeba abiria. Siku moja injini ikaanza kugonga. Fundi mwingine akashusha sampo, akamtumia picha, na yeye akanirushia mimi. Lile chujio la kunyonyea oili lilikuwa limeziba kwa vipande vya silikoni, vingine virefu kama tambi. Oili haikuwa inapanda juu inavyotakiwa. Beringi za konrodi zimekwisha.

Hakunitukana. Aliniambia, "Binti, mimi si fundi na wewe si fundi. Lakini wewe ndo uliniambia nipake ya kutosha."

Sikuwa na jibu.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Yule fundi wa pili alipokuwa anafunga injini, alitoa valvu ya PCV pale juu ya tapeti kava, akaitikisa, haichezi. Imejaa uchafu mweusi kama lami. Hiyo ndo ilikuwa inasukuma oili nje tangu mwanzo. Na hiyo valvu ilikuwepo kwenye rafu yangu, nyuma ya kiti ninachokalia, naiuza elfu nane. Ningemuuliza swali moja tu, angetumia gasketi na valvu, silikoni asingeihitaji kwa namna ile, na teksi isingelala gereji karibu mwezi mzima.

Nilimpa beringi kwa bei niliyonunulia, gasketi na valvu bure, na hela ya fundi nikachangia kwa mafungu mawili. Faida yangu ya miezi miwili ikaondoka. Yeye alipoteza zaidi, maana ile gari ndo inalisha nyumba.

Baada ya hapo nikaanza kuzunguka kwenye magereji kuuliza kwa nini tapeti kava linavuja hata baada ya gasketi mpya. Nawapa nilichojifunza, kwa sababu wewe unayeuza spea ukijua haya matano utauliza maswali yenye akili.

1. Presha ya ndani

Injini ikifanya kazi, kuna gesi inayopenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye oili. Lazima itoke. Njia yake ni valvu ya PCV na mipira yake, mafundi wengi wanaita briza. Injini inaivuta ile gesi na kuichoma tena. Valvu ikiziba, au mpira ukijikunja au ukijaa uchafu, gesi inabaki ndani, presha inapanda na inatafuta sehemu dhaifu ya kutokea. Hapo unaweka gasketi mpya leo, wiki ijayo inavuja tena, na lawama inakuja kwako kwamba unauza feki.

Kuna kipimo rahisi. Gari ikiwa silensa, mteja afungue kizibo cha oili taratibu, aangalie asiungue. Upepo kidogo ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu na moshi unatoka kama birika linalochemka, ama briza imeziba ama ringi za pistoni zimechoka. Valvu yenyewe ikitolewa na kutikiswa, isikike inagonga ndani, tik tik. Ikiwa kimya, imeganda. Kama kumbe ni ringi, mwambie ukweli tu, hakuna gasketi utakayomuuzia ikamtibu.

2. Oili haitoki hapo kabisa

Oili inateremka, na gari ikitembea upepo unaisukuma nyuma. Mtu anaona injini imelowa anasema tapeti kava. Kumbe ni oringi ya distributa, ambayo kwenye hizi injini za 4A, 5A na 7A ni ugonjwa wa kawaida tu. Au ni sili ya shafti, au swichi ya presha ya oili. Pia kuna anayemwaga oili akiongeza, alafu anaita kuvuja.

Dawa yake ni kuosha. Fundi aoshe injini ikiwa imepoa, afunike umeme na sehemu ya kuingizia hewa, aikaushe vizuri. Alafu apulizie poda ya mtoto kuzunguka mfuniko, gari itembee dakika kumi na tano. Poda ikilowa kwa juu, ni tapeti kava. Ikibaki nyeupe juu na kulowa chini, tafuta kwingine. Poda ni hela kidogo sana, gasketi isiyo ya lazima ni hela nyingi.

3. Vile vidude vidogo

Mteja anaagiza gasketi ya kuzunguka tu. Lakini chini ya nati za kwenye mfuniko kuna washa za mpira, nazo zimezeeka umri uleule. Kuna raba za mashimo ya plagi. Hizo zikichoka, oili inaingia kwenye shimo la plagi, gari inaanza kumisi, mteja anabadilisha plagi na koili bure. Kwenye baadhi ya injini kuna raba za nusu mwezi pembeni ya kichwa.

Raba za plagi kwenye injini nyingine zinakuja kwenye seti, kwenye nyingine unanunua pembeni, na kuna nyingine zimeshikana na kava lenyewe. Kwa hiyo usijibu kwa kukisia. Angalia, alafu mwambie mteja seti yako ina nini na haina nini.

4. Kukaza kwa hasira

Hili nililisababisha mimi mwenyewe kwa mdomo wangu: "mwambie akaze zaidi." Bolti za tapeti kava hazitaki nguvu. Kwenye Toyota ndogo nyingi ni kama Nm 10 tu au chini yake. Ili uelewe, Nm 10 ni kama kuning'iniza kilo moja ya sukari kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Nati za tairi kwenye Corolla ni Nm 103. Sasa fundi akikaza mfuniko kama anafunga tairi, mpira unapondeka, mfuniko unapinda au kupasuka, na stadi inaweza kukatika humo humo kwenye kichwa cha injini. Hapo uvujaji wa elfu ishirini umegeuka kazi ya laki.

Inatakiwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, mizunguko miwili au mitatu. Kama mfuniko ulishapinda, hata gasketi nzuri kuliko zote haitaziba.

5. Uchafu na pembe

Gasketi mpya ikikaa juu ya mabaki ya silikoni ya zamani au juu ya oili, haishiki. Pande zote mbili zisafishwe mpaka zikauke, na isikwanguliwe kwa bisibisi, maana aluminiamu inachubuka na ule mchubuko unakuwa njia ya oili. Uchafu nao usidondokee ndani.

Alafu kuna pembe. Injini kama 1NZ-FE ya kwenye IST ina kava la cheni mbele. Pale linapokutana na kichwa cha injini kuna kiungo, na ndo hapo, kwenye zile pembe mbili, panahitaji tone dogo la silikoni. Ukiacha bila tone, inavuja kwenye pembe hata kama gasketi ni ya kampuni.

Sasa kuhusu hiyo silikoni yenyewe.

Silikoni si mbaya, na bado naiuza. Ubaya upo kwenye matumizi tunayoyafundisha. Gasketi ya mpira inatakiwa ikae kavu kwenye mfereji wake. Silikoni ni tone kwenye pembe na viungo basi. Ukiizungusha yote, ile inayobanwa nje unaiona na kuifuta, ila ile inayobanwa ndani huioni. Inaganda, inakatika, inashuka na oili mpaka kwenye chujio la chini. Yule baba wa Ifakara alilipia kuyajua haya, mimi nayasema bure.

Pia mafundi wengi wanapaka na kuwasha gari palepale kwa sababu mteja ana haraka. Silikoni inahitaji muda wa kukauka, muda umeandikwa kwenye tyubu, na nyingi zinakauka kabisa baada ya saa 24. Muuzaji ndo mtu wa mwisho anayeweza kumsomea mteja yale maandishi.

Siwalaumu mafundi hapa. Fundi amezoea kupaka silikoni kila mahali kwa sababu amekuwa akiletewa gasketi mbovu zisizolingana, na anataka gari isirudi. Wakati mwingine anapaka kuficha kosa letu sisi tuliotuma gasketi ya injini nyingine. Tukituma kitu sahihi, hana sababu ya kupaka.

Najua mtakachosema, kwa sababu na mimi nilikuwa nakisema.

"Mimi nauza tu, kazi ya kujua ugonjwa ni ya fundi." Sawa. Lakini mteja wa mtandaoni hayupo na fundi anapoongea na wewe. Yupo na simu yake na hofu yake. Wewe ndo umesema "hii ndo tiba yake". Ukishasema hivyo umeshaingia kwenye ufundi, iwe unapenda au hupendi.

"Ukiuliza maswali mengi mteja anakimbilia kwa mwingine." Ni kweli, wengine wanakimbia. Siwezi kukudanganya. Kuna mmoja aliniandikia, "Dada unauza au unanihoji?" akaondoka na hakurudi. Lakini yule anayejibu maswali, mzigo wake haurudi. Na kurudisha mzigo kwa basi unajua gharama yake: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, gasketi imeshaguswa na oili huwezi kuuza tena, na kwenye grupu ameshaandika kwamba wewe ni tapeli. Mimi naona bora nikose wateja wawili waliokuwa na haraka kuliko kumpata mmoja wa kunichafulia jina.

"Wateja wanataka bei ya chini tu." Wanataka, ndiyo. Kwa hiyo mwambie ukweli uliopo dukani. Mimi nina za aina mbili, ya bei ya chini na ya bei ya juu, na nasema kabisa ipi ni kopi. Mpira wa hovyo ukiwa mpya unafanana na mzuri, tofauti inaonekana baada ya kupikwa na joto. Ukiuza kopi sema ni kopi. Mtu mwenye gari anayotaka kuiuza mwezi ujao anaweza kuichagua kwa akili zake timamu. Ila usimuuzie mtu wa teksi kopi kwa jina la orijino.

Basi, haya ndo maswali ninayotuma kabla sijataja namba ya kulipia. Nimeyahifadhi kwenye simu, nabonyeza tu yanaenda. Yachukue, yabadilishe upendavyo:

"Asante kwa kutucheki. Ili tukutumie kitu sahihi naomba utusaidie haya:

Moja, picha ya kadi ya gari sehemu yenye namba ya chesisi, na jina la injini.

Mbili, picha ya tapeti kava kwa juu na ya pale oili inapoonekana. Kama injini imeoshwa karibuni ni vizuri zaidi.

Tatu, hii gasketi ilishabadilishwa kabla? Lini? Ilipakwa silikoni?

Nne, ukifungua kizibo cha oili gari ikiwa silensa, inapuliza?

Tano, ukichomoa koili au waya za plagi, kuna oili kwenye mashimo?

Sita, gari inakula oili kiasi gani kwa mwezi?"

Hilo la kwanza usiliruke hata kama mteja anakuambia "ni Carina ya kawaida tu". Injini ya jina moja inaweza kubadilishwa kidogo mwaka hadi mwaka. Na majina yanayofanana yasikudanganye, 3S-FE na 3S-FSE, ile tunayoiita D4, usizichukulie kama kitu kimoja.

La tatu ndo lingemwokoa yule baba. Mteja akisema "nilibadilisha juzi tu na bado inavuja", hapo usiuze gasketi nyingine. Simama. Mwambie aanze na briza na kuosha injini. Na kama ilishapakwa silikoni kuzunguka yote, mwambie fundi ashushe sampo aangalie chujio, hasa kama taa ya oili imeanza kuchezacheza. Na taa ikiwaka kweli, azime gari palepale alipo, asisubiri kufika.

Kwenye jibu la mwisho kuna jambo wengi wetu hatulipendi. Kuna wakati jibu sahihi ni kumwambia mteja asinunue kitu. Injini ya miaka ishirini kuwa na jasho la oili pembeni ya mfuniko, haidondoki, haigusi egzosti, stiki ya oili haishuki, huyo mwambie apime oili kila wiki na aifute. Siku ikianza kudondoka atakuja, na atakuja kwako. Ila ikidondokea egzosti usimwambie asubiri. Oili kwenye chuma cha moto ni moshi ndani ya gari, na inaweza kuwaka moto.

Kitu kingine kidogo cha sisi tunaotuma mizigo. Acheni kukunja gasketi na kuifunga rababendi. Inakaa siku mbili kwenye buti la basi, juani, imejikunja, ikifika ina kona ambayo haikuwepo. Mimi nakata boksi kwa ukubwa wake, nailaza, nafunga na boksi lingine juu. Ndani naweka karatasi niliyoandika kwa mkono na kutoa kopi: safisha, kausha, usipake silikoni kuzunguka yote, tone kwenye pembe tu, anza kukaza katikati, usitumie nguvu. Mafundi wawili walishanipigia kuniuliza nani aliandika ile karatasi. Mmoja sasa hivi ananiagizia mwenyewe.

Sijawa tajiri kwa kuuliza maswali. Mauzo ya gasketi zenyewe yalipungua kidogo mwanzoni. Ila sasa nauza valvu za PCV na oringi za distributa ambazo zamani zilikuwa zinakaa mpaka vumbi linazifunika, kwa sababu wateja wanapata kile kinachowaumiza kweli.

Yule baba wa Ifakara teksi yake inatembea. Kwangu hajanunua tena. Nikimtumia salamu siku za sikukuu, "Shikamoo baba", ananijibu "Marahaba binti", basi, anaishia hapo. Simlaumu. Mimi namtumia tu.

Wewe unauza nini, na ni swali gani ukimuuliza mteja kabla ya kulipa lingemwokoa hela yake? Andika hapo chini, tujifunze. Na kama una mwenzako anayeuza spea bado ana ile ofa ya gasketi na silikoni, mtumie hii posti.

Kazi njema wapambanaji.